Deheni na Kiwi: Historia ya Maneno ya Kukinga Viatu vya Ngozi na Maji



1. Utangulizi

Huenda baadhi yenu mlipoiona mada ya mhadhara huu mlijiuliza ni lini taaluma za Kiswahili zimeshuka hadi miguuni. Jibu langu ni kwamba lugha hukaa popote palipo na kazi, na kazi ya kuilinda ngozi isiharibiwe na maji ni miongoni mwa kazi za kale kabisa za mwanadamu. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kilikuwa na msamiati uliopevuka wa kazi hiyo kabla kopo la kwanza la rangi ya viatu halijafika pwani yetu. Pili, msamiati huo ulibaki katika fani moja, ilhali kiatu kilikuja kupitia fani nyingine. Matokeo yake ni kwamba leo tunatumia neno moja kwa mambo matatu yaliyo tofauti, na viatu vyetu hulipia gharama ya kosa hilo.

Naomba nianze na viatu vyangu mwenyewe. Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, katikati ya miaka ya 1970, marehemu baba alininunulia viatu vya ngozi nyeusi kwa fedha ambazo nilijua kwamba hakuwa nazo. Kila jioni nilivipaka kiwi na kuvipiga brashi hadi nikaweza kuuona uso wangu ndani yake. Masika yalipofika, vililowa siku tatu mfululizo. Usiku wa siku ya tatu niliviweka kando ya jiko la mkaa vikauke. Asubuhi nilivikuta vimekakamaa kama ngozi ya ngoma, na penye mkunjo wa vidole palikuwa na ufa.

Nilivipeleka kwa fundi viatu mmoja pale Tanga, mzee ambaye ujana wake aliutumia ufukweni akitengeneza majahazi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Viatu hivi umevipamba, hukuvilisha. Kiwi ni wanja, na wanja hauzuii machozi.”

Kisha akachukua kibati kilichokuwa na mchanganyiko wa nta ya nyuki na shahamu, akaupasha moto kidogo, akausugua kwenye mishono kwa kidole gumba. Nilipomuuliza kitu kile kinaitwaje, alinijibu: “Deheni.” Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa isimu, nililitafuta neno hilo katika kamusi. Nililikuta, lakini lilikuwa limefungwa katika bahari: ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta wa kupaka chombo ili kisiingie maji. Kuhusu kiatu hapakuwa na lolote. Mhadhara huu umetokana na pengo hilo.

2. Kudabagha: ngozi kabla ya kiatu

Ili tuelewe kinachokingwa, hatuna budi kwanza kujua ngozi ni kitu gani. Ngozi mbichi ni wavu wa nyuzi za protini ambazo katikati yake mna maji. Ikiachwa na unyevu wake, huoza. Ikikaushwa tu, maji huondoka, nyuzi hugandana, nayo huwa ngumu. Ngozi ya kuwamba ngoma hufaa kwa sababu hiyohiyo, lakini haifai kuvaliwa mguuni.

Ufumbuzi wa kale ni kuitia ngozi tanini, yaani dutu chungu iliyomo katika magome ya miti mingi. Tanini hushikamana na protini na kuifanya isioze. Kazi hii kwa Kiswahili huitwa kudabagha, neno lenye asili ya Kiarabu. Lakini asili ya neno isitufanye tudhani kwamba malighafi nayo ilitoka nje. Magome ya mikoko, hususan mkandaa, yana tanini nyingi, na wakazi wa pwani waliyatumia kwa kutia rangi na kudabagha. Wakati wa utawala wa Wajerumani, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalikuwa bidhaa ya kupelekwa Ulaya kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Baadaye nafasi hiyo ilichukuliwa na miwati, miti iliyoletwa kutoka nje na kupandwa katika nyanda za juu za Kenya na, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Njombe.

Hata hivyo, kudabagha ni nusu tu ya kazi. Ngozi iliyodabaghiwa huhitaji mafuta yachukue nafasi ya maji yaliyoondoka, ili nyuzi ziweze kuteleza pasipo kukatana. Jamii zetu za wafugaji zimelijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo sababu walilainisha ngozi zao kwa mafuta ya wanyama na kuzifikicha kwa mikono. Hapa ndipo ilipo siri ya viatu vyangu vya kidato cha kwanza. Maji yanapoingia katika ngozi hayaleti madhara makubwa. Madhara huja yanapotoka, kwa sababu kila ngozi inapolowa na kukauka hupoteza sehemu ya mafuta yake. Joto la jiko huharakisha hasara hiyo na kuzikunyata nyuzi zenyewe. Fundi aliposema sikuvilisha viatu vyangu hakuwa akitumia tamathali ya usemi. Alikuwa akieleza jambo lililotokea hasa ndani ya ngozi.

3. Deheni, sifa na shahamu: msamiati wa chombo

Sasa na tuelekee ufukweni. Mafundi wa vyombo vya pwani yetu walikuwa na maneno mahususi kwa kila hatua ya kukinga mbao na maji. Kalafati ni kazi ya kuziba nafasi zilizo kati ya mbao kwa pamba au nyuzi zilizotiwa mafuta. Sifa, katika maana yake ya pili isiyohusiana na kumsifu mtu, ni mafuta ya papa au samaki yaliyopakwa sehemu ya juu ya chombo ili jua lisiupasue ubao. Shahamu ni mafuta mazito ya mnyama. Deheni ni shahamu hiyo iliyochanganywa na chokaa na kupakwa sehemu inayozama.

Tuzingatie kwamba maneno haya hayabadilishani nafasi. Sifa hulisha ubao. Kalafati huziba njia. Deheni hufanya ukuta baina ya ubao na maji. Ni mfumo wa dhana tatu, kila moja ikiwa na jina lake na mahali pake katika chombo.

Neno deheni lenyewe lina historia ya kuvutia. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya mafuta na kupaka. Katika Kiarabu cha kale, neno dihani la mzizi huohuo limefasiriwa na wataalamu kwa maana mbili: mafuta ya kupaka, na ngozi nyekundu. Kwa hiyo mzee wa Tanga alipoliondoa neno hilo kwenye jahazi na kulitia katika kiatu, pasipo kujua alilirudisha jirani na ngozi. Aidha, aliibadili kanuni ya utengenezaji kwa busara. Chokaa huifaa mbao, lakini huidhuru ngozi iliyokwisha kudabaghiwa. Wadabaghi huitumia kuondolea manyoya ya ngozi mbichi. Kwa hiyo fundi aliitoa chokaa, akatia nta, na akaliacha jina palepale. Wanaisimu tunakuita huku kupanuka kwa maana. Yeye alikuita kazi.

Kuna sababu nyingine inayofanya uhamisho huo uwe wa kimantiki. Chombo cha kale cha pwani yetu hakikupigiliwa misumari, kilishonwa. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanayoitwa Periplus yanataja vyombo vilivyoshonwa katika bandari ya Rhapta, na mitepe ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi, iliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mtepe na kiatu cha ngozi vina udhaifu mmoja: kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Anayekipaka kiatu usoni na kuusahau mshono ni kama nahodha aliyepaka rangi tezi na omo huku chombo chake kinaingia maji tumboni.

4. Kiriba na makubadhi

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa maarifa haya yalikuwapo, kwa nini hayakuhusishwa na viatu tangu mwanzo? Jibu liko katika aina ya viatu vilivyovaliwa. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika kwa kazi za ngozi, na makubadhi yalivaliwa na waungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja. Lakini makubadhi ni viatu vya wazi vinavyoshikwa kwa gidamu. Mvua ikinyesha, mtu huyavua, huyashika mkononi na kwenda zake. Vivyo hivyo kwa ndara na champali, na mtalawanda ni wa mti. Kiatu ambacho hakikai ndani ya maji hakihitaji deheni.

Ngozi iliyohitaji kushindana na maji ilikuwa ya kiriba. Kiriba kilipaswa kuyazuia maji yasitoke, si yasiingie. Na wasafiri wa misafara waliokibeba walijua kwamba uhai wao ulitegemea mishono yake. Basi tunaona kwamba maarifa ya kuzuia maji yaligawanyika baina ya chombo na kiriba, nacho kiatu kikaachwa kando kwa kuwa hakikuyahitaji.

Hali ilibadilika kilipokuja kiatu cha kufunika mguu. Msamiati wake unatueleza njia kilikopitia. Sapatu ni neno la Kireno. Buti na soli ni ya Kiingereza. Kiatu cha namna hii kilienea kwa njia ya jeshi, ofisi na shule, na wala hakikupitia ufukweni. Watu waliokivaa hawakuwa wale waliotengeneza majahazi, na waliotengeneza majahazi kwa kawaida walifanya kazi miguu mitupu. Hivyo fani mbili zilizohitajiana hazikukutana.

5. Kuja kwa kiwi

Kilichokuja pamoja na kiatu cha kufunika ni kopo. Mwaka 1906, huko Melbourne, Australia, William Ramsay alianza kuuza rangi ya viatu aliyoipa jina la kiwi, ndege wa New Zealand, nchi alikotoka mkewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa, majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliisambaza duniani. Katika Afrika ya Mashariki jina la bidhaa likawa jina la jumla: rangi yoyote ya viatu ya kopo, hata iwe ya kampuni gani, huitwa kiwi.

Kwa bahati, Kiswahili tayari kilikuwa na neno kiwi lenye maana ya hali ya macho kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali. Twasema “kufanya kiwi cha macho”. Mtu asiye mwangalifu angeweza kudai kwamba rangi ya viatu imeitwa hivyo kwa kuwa hung'aa hata ikaumiza macho. Dai hilo si kweli, kwa sababu jina la ndege limetoka katika lugha ya Kimaori. Hata hivyo, sadfa hii ina funzo. Kiwi ya kopo ilitufanya kiwi cha macho kwa namna yake: ilituonyesha mng'ao, tukaudhani kuwa kinga.

Kwa asili yake, rangi ya kopo ni nta iliyoyeyushwa kwa tapentaini au kiyeyushi kingine na kutiwa rangi. Ikipakwa, kiyeyushi huruka, na nta hubaki kama utando mwembamba. Utando huo huzuia manyunyu kidogo, lakini kiatu kinapokunjika hupasuka palepale penye mkunjo, na mafuta yake hayatoshi kuilisha ngozi iliyokauka.

6. Ushahidi wa chini ya bahari

Pengine atatokea mwenye shaka, aseme kwamba ninayatukuza mafuta ya wazee kwa mapenzi tu. Ushahidi ulio bora kabisa haukutoka pwani yetu. Desemba 1786, meli iitwayo Metta Catharina ilizama katika ghuba ya Plymouth, Uingereza, ikiwa njiani kutoka St Petersburg kwenda Genoa na shehena ya katani na ngozi. Wapiga mbizi waliigundua mwaka 1973. Ngozi zile zilikuwa zimelala katika matope ya bahari kwa karibu miaka 200, na nyingi zilipotolewa zilikuwa bado zafaa kwa kazi. Mafundi walizitumia kushonea viatu na mikoba.

Ngozi za Kirusi za aina hiyo zilidabaghiwa kwa magome ya miti, kisha zikashindiliwa mafuta yaliyokamuliwa kwa moto kutoka katika magome ya mti uitwao betula. Ni kweli kwamba matope yasiyo na hewa nayo yalisaidia kuzihifadhi. Lakini kanuni ni ileile ya mzee wa Tanga: tanini ndani ya nyuzi, mafuta kati ya nyuzi. Hakuna aliyezipiga brashi zikang'aa.

7. Swedi na dawa za kupuliza

Kuna ngozi moja inayokataa kanuni hiyo, nayo ni swedi. Jina hilo limetokana na Kifaransa: glavu laini zilizouzwa Ufaransa ziliitwa “glavu za Uswidi”, na jina la nchi likahamia kwenye ngozi. Swedi ni ngozi iliyogeuzwa, upande wa nyama ukawa nje, ukasuguliwa hadi ukatoa vinyweleo. Uzuri wake ndio udhaifu wake, maana vinyweleo hivyo hufyonza kila kinachovigusa. Ukiipaka kiwi au shahamu, vinyweleo hulala na kugandana, na swedi huwa si swedi tena. Basi maji hayawezi kuzuiwa kwa ukuta, sharti yakataliwe. Kila aliyekulia shambani ameliona jambo hili katika jani la gimbi: tone la maji huviringika juu yake na kudondoka, na jani halilowi.

Kemia ya karne ya 20 iliiga jani hilo. Mwaka 1953, katika maabara ya kampuni ya 3M huko Marekani, matone ya kemikali yenye florini yalidondoka kwa bahati mbaya juu ya kiatu cha turubai cha msaidizi wa maabara. Patsy Sherman na mwenzake Samuel Smith waligundua kwamba mahali pale palikuwa pakikataa maji na mafuta. Ugunduzi huo ulizaa dawa iliyoingizwa sokoni mwaka 1956 kwa jina la Scotchgard, na dawa za kupuliza viatu za namna hiyo zikaenea.

Lakini kinachokataa maji kwa ukaidi huo hukataa pia kuoza. Kemikali za kundi hili hudumu katika maji, udongo na damu ya binadamu. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kutengeneza kemikali ya msingi ya dawa hiyo, na mwaka 2009 kemikali hiyo ikaingizwa katika Mkataba wa Stockholm unaodhibiti sumu zinazodumu katika mazingira. Siku hizi zipo dawa za kupuliza zisizo na florini, zikiwamo za nta na silikoni. Huzuia maji vizuri kiasi, japo hushindwa zaidi mbele ya mafuta, na zinahitaji kurudiwa mara kwa mara. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nasi tumejifunza kwamba msala mwingine ukishapita huacha madoa sakafuni.

8. Tatizo la istilahi

Narudi sasa kwenye fani yangu. Tukitazama maandishi ya bidhaa na matangazo, tutakuta viatu vikielezwa kuwa “visivyopenya maji”, “visivyoingia maji” au “visivyopitisha maji”. Wapo wanaoikosoa ile ya kwanza kwa hoja kwamba mpenyaji ni maji na wala si kiatu. Sishiriki ukali huo. Kiswahili huruhusu chombo kitangulie na kiingiacho kifuate. Mabaharia wamesema “chombo kinaingia maji” kwa karne nyingi na hakuna aliyedhani kwamba jahazi limejitumbukiza ndani ya ndoo.

Tatizo halisi ni la dhana. Usemi huo mmoja, pamoja na kitenzi kimoja cha “kupaka kiwi”, umefunika mambo matatu. La kwanza ni kulisha, yaani kurudisha mafuta kati ya nyuzi ili ngozi isikatike. La pili ni kukinga, ama kwa kutia deheni kwenye mshono au kwa kuufanya uso ukatae maji. La tatu ni kung'arisha, ambalo ni pambo. Mafundi wa majahazi hawakuchanganya sifa na deheni, kwa sababu aliyechanganya alizama. Sisi tunachanganya kwa sababu gharama ni pea moja ya viatu. Lakini kwa mzazi aliyedunduliza fedha za kununua pea hiyo, gharama si ndogo hata kidogo.

Ninapendekeza, kwa hiyo, mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu zilipanue neno deheni lifike kwenye ngozi, na vitenzi kulisha na kukataa vipewe maana zake za kifundi. Pili, wanafunzi wetu watumwe kwa mafundi viatu walio vibarazani na chini ya miembe, wakakusanye istilahi kabla wenyewe hawajatutoka. Tumetumia jitihada nyingi kuunda maneno mapya ya kemia na kompyuta, na jitihada hiyo ni njema. Lakini istilahi iliyokwisha kuundwa na kujaribiwa baharini haistahili kupotea kwa sababu tu mwenye nayo hakuwahi kualikwa kwenye warsha.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya kiatu kilicholowa ni historia ya maarifa yaliyogawanyika: tanini mikokoni, mafuta kwa wafugaji, deheni ufukweni, na kiwi dukani. Kila kundi lilikuwa na kipande chake, na neno lake.

Kwa wale waliokuja wakitarajia faida ya papo kwa papo, nawapa muhtasari wa yale niliyofunzwa na fundi wangu. Kiatu cha ngozi kikilowa, kifute matope, kijaze karatasi za gazeti, kikauke kivulini mbali na moto. Kikishakauka, kilishe mafuta kidogo, maana mafuta yakizidi hulegeza ngozi na kuizuia kupumua. Kitie nta na shahamu kwenye mishono. Kisha, ukipenda, king'arishe. Swedi iache ikauke, ipige brashi, uipulizie dawa, na shahamu iweke mbali nayo.

Viatu vile vya ngozi nyeusi vilinifikisha kidato cha nne. Ufa haukuondoka, lakini haukuongezeka, wala maji hayakupita tena. Baba hakuwahi kujua. Mzee wa Tanga alikataa malipo. Aliniambia nikisoma nikafika mbali nisilisahau jina la kile kibati. Leo, mbele yenu, nimelitaja.